Kibofu cha Mtoto na Barabara ya Namanga

Kibofu cha mkojo cha mtoto mdogo hakikai pale kinapokaa cha mtu mzima. Cha mtu mzima kimejichimbia chini, ndani ya mifupa ya nyonga, na ili pigo kikifikie mara nyingi sharti mifupa hiyo ivunjike kwanza. Nyonga ya mtoto wa miaka mitatu au minne bado ni finyu. Kibofu chake hupanda juu kikakaa tumboni, na mbele yake hakuna kinga ila ngozi, mafuta kidogo na misuli ambayo haijakaza. Miaka inavyokwenda ndivyo kinavyoshuka, na mtoto anapokaribia kubalehe huwa kimekwisha kutulia mahali pake. Kabla ya hapo, pigo likitua chini ya kitovu hukipata moja kwa moja, hata kama hakuna mfupa uliovunjika.

Wazazi wa Kitengela wana sababu ya kulijua jambo hili mapema. Mji huo ulio yapata kilomita 30 kusini mwa Nairobi, ambao wazee bado huuita Noonkopir, ulivimba baada ya sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje ya 1990 kuleta ajira katika eneo jirani la Athi River. Wafanyakazi walitafuta vyumba vya kodi nafuu, malisho yakakatwa ploti, na sensa ya 2019 ikahesabu wakazi 154,436 mjini peke yake. Kaunti nzima ya Kajiado, ambamo mji huo umo, ilikuwa na watu 1,117,840 waliotawanyika katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 21,000. Katikati ya mji inapita barabara kuu ya kutoka Athi River hadi Namanga na kuendelea Arusha, iliyojengwa upya na kufunguliwa rasmi 2012. Lami ikiwa laini, madereva hukanyaga mafuta, na watoto wa shule huvuka humohumo.

Asubuhi ya siku ya shule, boda boda moja hubeba watoto wawili au watatu. Mdogo wao ndiye hupakatwa mbele, juu ya tangi, tumbo likielekea usukani. Pikipiki ikisimama ghafla, kinachompokea ni chuma. Madaktari wa watoto duniani kote wanayafahamu majeraha ya usukani, wa pikipiki na hata wa baiskeli: kwa nje alama ndogo ya duara, kwa ndani wengu, utumbo au kibofu kilichopasuka.

Ndani ya matatu hatari ni ya namna nyingine. Kanuni za Michuki, zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004 chini ya waziri wa uchukuzi John Michuki, ziliamuru mikanda ya usalama katika magari ya abiria pamoja na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Mikanda hiyo iliokoa watu. Lakini mingi ni ya kupita kiunoni tu, na ilipimwa kwa nyonga ya mtu mzima. Kwa mtoto hupanda ikalala juu ya tumbo, na gari likigonga hukandamiza palepale kibofu kilipo. Hiyo si sababu ya kuufungua mkanda. Mtoto asiyefungwa hurushwa, na kuumia kwake kutakuwa kubaya zaidi. Mkanda uvutwe chini ukaze juu ya mapaja, na baada ya ajali, ukionekana mstari wa wekundu au mchubuko uliokata tumbo, mtoto huyo apelekwe hospitali hata kama anacheka.

Ukiteremka zaidi kuelekea Bissil na Namanga magari hupungua na mifugo huongezeka. Teke la punda anayebeba maji, au la ng'ombe zizini, lina nguvu ya kutosha kukipasua kibofu cha mtoto.

Jambo moja huamua mengi kuliko yote: kibofu kilikuwa kimejaa kiasi gani pigo lilipokuja. Kitupu ni kama puto lisilo na hewa, hujikunja kikaponyoka. Kilichojaa ukuta wake umetanuka na kuwa mwembamba, na sehemu yake dhaifu kuliko zote ni paa, lile la juu lililofunikwa na utando wa tumbo. Madaktari hukadiria ujazo wa kibofu cha mtoto kwa hesabu rahisi: umri wake kwa miaka, ongeza moja, zidisha kwa 30. Mtoto wa miaka mitano hubeba yapata mililita 180. Wa miaka tisa hufika 300, sawa na soda ya chupa ya kawaida. Kwa hiyo aliyekunywa soda Isinya na kuambiwa avumilie hadi Namanga anasafiri na kibofu kilichokaza. Kumkojoza mtoto kabla ya safari, na kumwomba dereva asimame njiani, ni kinga ya kweli isiyogharimu chochote.

Kikipasuka, kuna njia mbili. Mpasuko ukiwa chini au pembeni, nje ya utando wa tumbo, mkojo huvuja kwenye nyama za nyonga. Aina hii mara nyingi haihitaji kisu: mrija wa mkojo huwekwa, kibofu kikapumzika bila kujaa, na ukuta hujiunga wenyewe ndani ya siku 7 hadi 14. Mpasuko ukiwa paani, mkojo humwagika ndani ya tumbo kati ya utumbo, na shimo halizibi kwa kungoja. Huu hushonwa. Na ni aina hii ya pili inayowapata watoto zaidi, kwa sababu ileile ya kibofu kukaa juu.

Hatari yake ni kwamba mwanzo wake ni mpole. Mkojo wa mtoto mwenye afya kwa kawaida hauna vijidudu vya maradhi, kwa hiyo hauunguzi tumbo mara moja kama kinyesi cha utumbo uliotoboka. Mtoto hulalamika tumbo, hupewa dawa ya maumivu, hulala. Kesho yake tumbo limejaa, anatapika, hataki chakula. Swali ambalo muuguzi wa mapokezi hupaswa kuanza nalo ni fupi: "Mama, mtoto amekojoa tangu aumie? Na mkojo ulikuwa wa rangi gani?" Mtoto ambaye saa sita zimepita hajakojoa, au amekojoa damu, hana la kungojea nyumbani. Wapo pia wanaokojoa kidogokidogo ilhali kibofu kimepasuka, na hao ndio huwapotosha wengi.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata wataalamu. Mkojo uliomwagika tumboni hunyonywa na utando wa tumbo ukarudi katika damu. Vipimo vya maabara vikaonyesha kreatinini na potasiamu zimepanda, na daktari ambaye hakusimuliwa habari za ajali akadhani figo zimeshindwa kazi. Figo ni nzima kabisa. Kinachotakiwa ni kushona tundu, wala si mashine ya kusafisha damu.

Ugunduzi wenyewe hauhitaji mtambo wa ajabu. Ultrasaundi huonyesha maji tumboni lakini haisemi ni maji gani. Kipimo chenye jibu ni picha ya rangi: mrija huingizwa, dawa inayoonekana kwenye eksirei hutiwa kibofuni kwa uzito wake yenyewe bila kusukumwa, picha hupigwa. Rangi ikizunguka mikunjo ya utumbo, paa limepasuka. Ikitapakaa nyongani kama ndimi za moto, mpasuko uko chini. Mambo mawili hayaruhusu haraka. Kibofu kijazwe hadi ujazo wa umri wa mtoto, maana kilichojazwa nusu huweza kuficha tundu. Na picha nyingine ipigwe baada ya rangi kutolewa, kwa kuwa uvujaji wa nyuma hujificha nyuma ya kibofu kilichojaa. Tahadhari ya tatu huja kabla ya yote: damu ikionekana kwenye ncha ya uume au kwenye tundu la mkojo, mrija usisukumwe. Huenda njia ya mkojo yenyewe imekatika, na mrija uliolazimishwa hukamilisha kilichokuwa kimebaki. Hapo huanza picha ya njia ya mkojo.

Kwa miaka mingi jibu la mpasuko wa paa lilikuwa kupasua tumbo kutoka karibu na kitovu hadi juu ya mfupa wa kinena. Ni jibu zuri, limeokoa watoto wengi na litaendelea kuwaokoa. Lakini liliacha kovu refu, maumivu ya siku kadhaa na, kwa baadhi, utumbo unaogandana miaka baadaye. Upasuaji wa matundu madogo ulikuja kubadilisha hilo.

Safari yake ilikuwa ndefu. Mjerumani Georg Kelling alichungulia tumbo la mbwa kwa kioo mwaka 1901. Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm alifanya hivyo kwa binadamu mwaka 1910. Miaka ya 1970 Stephen Gans huko Marekani alionyesha kwamba hata watoto wachanga wanaweza kuchunguzwa kwa njia hiyo, na mwaka 1980 Kurt Semm wa Kiel, daktari wa wanawake, akatoa kidole tumbo kwa matundu huku wapasuaji wenzake wakimshutumu. Kibofu kilifuata katika miaka ya 1990, kwanza kwa watu wazima.

Ndani ya thieta mambo huenda hivi. Mtoto hulazwa chali, meza ikainamishwa upande wa kichwa ili utumbo uteleze kuelekea kifuani na kuiacha nyonga wazi. Mpasuaji hukata tundu la milimita tano ndani ya mkunjo wa kitovu, mahali ambapo kovu litajificha. Gesi ya kabonidayoksaidi huingizwa polepole, ukuta wa tumbo ukanyanyuka na nafasi ya kufanyia kazi ikapatikana. Gesi hiyo huchaguliwa kwa sababu haishiki moto karibu na kifaa cha umeme cha kuzuia damu, tena huyeyuka upesi mwilini na kutoka kwa pumzi. Kipimo chake ni cha uangalifu: kwa mtoto mchanga shinikizo huwa milimita 6 hadi 8 za zebaki, kwa mkubwa 10 hadi 12. Kamera huingia, kisha matundu mengine mawili ya milimita tatu au tano hufunguliwa pembeni kwa ajili ya vikoleo.

Kwanza mkojo na damu hufyonzwa. Kisha, kabla ya sindano, utumbo hupekuliwa kipande kwa kipande, kwa kuwa pigo lililopasua kibofu huenda limepasua na kingine. Ndani ya kibofu hutazamwa vilango viwili vya mirija itokayo figoni visije vikashonwa kwa bahati mbaya. Mpasuko hufungwa kwa tabaka mbili za uzi unaoyeyuka. Uzi wa hariri haukubaliwi hapa, kwani ukibaki ndani ya mkojo huota mawe. Mwishowe kibofu hujazwa maji yaliyotiwa rangi ya buluu kupitia mrija huku kamera ikiangalia mshono. Rangi ikitokeza, huongezwa uzi. Isipotokeza, gesi huachiliwa na matundu kufungwa kwa mshono mmoja mmoja.

Faida zake zinaonekana kwa macho: maumivu kidogo, mtoto kula na kutembea mapema, kovu dogo. Ni haki pia kusema kwamba ushahidi kwa watoto bado ni wa wagonjwa mmoja mmoja na makundi madogo yaliyoripotiwa katika majarida ya tiba. Jeraha lenyewe ni nadra, hivyo hakuna hospitali inayoona wengi. Wapo watoto ambao njia hii haiwafai. Aliyepoteza damu nyingi na presha imeshuka hapaswi kujazwa gesi tumboni, kwani gesi huukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Aliyevunjika nyonga vibaya, au mwenye tundu shingoni mwa kibofu, hupasuliwa kwa njia ya zamani. Mpasuaji anayeanza kwa kamera kisha akaona haitoshi na kufungua tumbo hajashindwa. Ameamua vyema.

Je, mtoto wa Kajiado atampata wapi mpasuaji huyo? Wataalamu wa upasuaji wa watoto nchini Kenya ni wachache, na wengi wako Nairobi, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na hospitali kubwa za binafsi, au Eldoret, ambako hospitali ya watoto ya Shoe4Africa ilifunguliwa 2015. Ukingoni mwa Bonde la Ufa iko Kijabe, hospitali ya kanisa la AIC iliyoanza 1915, ambako shirika la BethanyKids limekuwa likitibu watoto na kuwafunza wapasuaji wao kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Familia ya Loitokitok, kule chini ya Kilimanjaro, iko karibu zaidi na Moshi kuliko Nairobi, na hospitali ya huko ya KCMC, iliyofunguliwa 1971, ina jina katika matibabu ya mfumo wa mkojo.

Chuo cha wapasuaji cha Afrika mashariki, kati na kusini, COSECSA, kilichoanzishwa 1999, kina makao yake Arusha, mwisho wa barabara hiihii ya Namanga. Mafunzo ya kamera nayo yanazidi kuwa rahisi kuyafikia. Mpango wa ALL-SAFE, uliobuniwa na wapasuaji wa Ethiopia, Kamerun na Marekani, huwawezesha madaktari kujizoeza kwa sanduku la bei ndogo na masomo ya mtandaoni. India nako, kwa hospitali za vijijini zisizo na gesi, umetengenezwa mkono wa chuma unaoinua ukuta wa tumbo ili kamera iingie bila kabonidayoksaidi. Umetumika hasa kwa watu wazima, lakini unaonyesha kwamba ukosefu wa gesi si mwisho wa mambo.

Hata hivyo, kuidai kamera kwanza kungekuwa kukosea mpangilio. Kamera bila mtaalamu wa nusukaputi wa watoto ni hatari: gesi huingia damuni, na mashine ya kumpumulia mtoto hulazimika kurekebishwa dakika kwa dakika huku hewa anayoitoa ikipimwa. Katika hospitali nyingi za kaunti kazi hiyo hufanywa na maafisa wa kliniki na wauguzi waliosomea nusukaputi, watu wa kuaminika, lakini mtoto wa kilo 15 anataka vifaa vya saizi yake na mazoezi ya mara kwa mara. Anayemwokoa mtoto wa Kitengela katika saa za kwanza ni yule atakayeshuku, atakayeweka mrija kwa usahihi na kupiga picha ya rangi jioni ileile. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilianza mpango wa kukodisha vifaa, hospitali mbili za kila kaunti zikaletewa vifaa vya eksirei na vya thieta. Juu ya mashine hizo, picha ya rangi huhitaji mrija mwembamba wa mtoto, chupa ya dawa na mtu aliyezoeshwa kuisoma. Kajiado inapaswa kuhakikisha mambo hayo matatu hayakosekani hata usiku wa Jumapili.

Ikishajulikana jeraha ni la aina gani, safari nayo hupata maana. Mtoto aliyetulia, mwenye mrija unaotoa mkojo, aliyeanzishwa antibiotiki na maji ya mshipa, anaweza kupelekwa Nairobi kwa ambulensi, kupitia Mombasa Road au barabara ya juu ya Expressway iliyofunguliwa 2022, akafika akiwa bado anafaa kwa matundu madogo. Mtoto yuleyule akizungushwa zahanati mbili kwa siku mbili hufika na usaha tumboni, na hapo hakuna mpasuaji atakayezungumzia kovu. Hospitali ya karibu yenye thieta nayo isidharauliwe: mpasuaji wa kawaida anayejua kushona kibofu kwa tumbo lililofunguliwa ni bora kuliko mtaalamu wa kamera aliye mbali wakati damu inatoka.

Fedha huwachelewesha wazazi kuliko umbali. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, na mtoto aliyegongwa ni dharura bila ubishi. Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) imechukua nafasi ya bima ya NHIF iliyodumu tangu 1966, na ndani yake kuna hazina ya dharura, magonjwa sugu na mahututi. Mzazi wa Kitengela asingoje ajali ndipo aanze kuwaandikisha watoto kwenye jina lake. Karani wa hospitali usiku wa manane huuliza nambari.

Kuna suala ambalo daktari hulazimika kuligusa kwa upole. Mtoto akiletwa na kibofu kilichopasuka na hakuna anayeweza kueleza alivyoumia, sharti iulizwe kama amepigwa. Teke la mtu mzima hupasua kibofu kilichojaa kama la punda.

Baada ya upasuaji, iwe kwa kamera au kwa kisu, mrija hubaki siku 7 hadi 10. Mara nyingi mtoto huruhusiwa kwenda nao nyumbani, na mama hufundishwa: mfuko wa mkojo ukae chini ya kiuno cha mtoto wakati wote, mrija usijikunje wala kulaliwa, ngozi inapoingilia ioshwe kwa sabuni na maji, na mtoto anywe maji kwa wingi. Mkojo wenye wekundu hafifu siku za mwanzo hautishi. Mfuko ukikaa mkavu kwa saa mbili au tatu, au mtoto akipata homa, hiyo ni safari ya hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki.

Tarehe ikifika hupigwa picha ya rangi kwa mara ya pili, kwa mrija uleule uliomo. Picha hii haina ugumu wa thieta, na ikipatikana katika hospitali ya rufaa ya Kajiado, familia ya Bissil haitahitaji kutafuta nauli ya Nairobi ili kuondolewa mrija tu. Rangi ikibaki yote ndani ya kibofu, mrija hutolewa papo hapo. Mtoto hukalishwa kliniki hadi akojoe mwenyewe, kisha ultrasaundi hutazama kama mkojo wote umetoka kibofuni. Darasani anaweza kurudi wiki hiyohiyo. Mpira na baiskeli hungoja yapata wiki sita, na kiti cha juu ya tangi la boda boda hakirudiwi tena.